MGONGO WAZI NA TATIZO LA CHIARI: DALILI AMBAZO MAMA HAPASWI KUZIPUUZA

Popote ulipo, iwe ni hapa Nyeri mjini, Karatina, Othaya, Mweiga, Nanyuki au Kerugoya, vuta kiti ukae. Kama una mtoto anayenyonya, endelea kumnyonyesha huku ukisikiliza. Na kama shosho yuko karibu, mwite naye asikie, kwa maana mara nyingi yeye ndiye anayebaki na mtoto mama akienda shambani.

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa wenye jina geni. Unaitwa Chiari, na hutamkwa Kiari. Ni jina la daktari Hans Chiari, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Prague huko Ulaya, ambaye aliueleza ugonjwa huu mwaka 1891. Huenda hujawahi kulisikia. Lakini kama umewahi kumwona mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, yaani mwenye kidonda au uvimbe mfano wa puto mgongoni, basi karibu hakika umemwona mtoto mwenye Chiari, hata kama hakuna aliyekutajia jina hilo.

Nataka ushike jambo moja kabla hatujaendelea. Mtoto mwenye mgongo wazi akianza kupaliwa anaponyonya, kulia kwa sauti dhaifu au kutoa sauti ya mkwaruzo anapovuta pumzi, usiseme ni baridi ya Julai. Usiseme ni kimeo. Huenda ni ubongo unaobanwa shingoni, na mtoto huyo anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo.

Chiari ni nini?

Fikiria kibuyu cha uji kilichogeuzwa mdomo chini. Tumbo la kibuyu ni fuvu la kichwa, na mdomo wake ni lile tundu la chini ya fuvu ambapo uti wa mgongo unapitia kuingia shingoni. Ubongo wote unapaswa kukaa ndani ya tumbo la kibuyu. Kwa mtu mwenye Chiari, sehemu ya nyuma na ya chini ya ubongo imeteremka ikaingia kwenye mdomo. Imekaa pale kama gunzi la mahindi lililozibia kibuyu.

Hapo shida mbili hutokea. Ya kwanza ni ya maji. Ubongo wetu huogelea katika maji safi yanayotengenezwa kila siku na kuzunguka kati ya kichwa na mgongo. Njia ikizibwa, maji hujaa kichwani, na kichwa cha mtoto mchanga huanza kupanuka. Hiki ndicho tunachokiita kichwa maji. Maji yakizidi, nayo husukuma ubongo uzidi kuteremka.

Shida ya pili ni ya kubanwa. Sehemu ya ubongo iliyo pale mdomoni ndiyo inayoongoza kupumua, kumeza na kutoa sauti. Ikibanwa, mtoto hushindwa kufanya mambo ambayo sisi huyafanya bila hata kuyafikiria.

Je, inahusianaje na mgongo? Mtoto anapoumbwa tumboni, uti wa mgongo huanza kama ubapa unaojikunja na kufunga, mfano wa zipu. Kazi hiyo humalizika takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa. Pahali pasipofunga, maji huvuja kwa miezi yote ya mimba. Sehemu ya nyuma ya fuvu hubaki ndogo, na ubongo unapokua hukosa nafasi, ukateremkia shingoni. Hii ndiyo aina tunayoiita Chiari ya pili, na karibu kila mtoto mwenye mgongo wazi huwa nayo.

Akina mama, nisikilizeni vizuri hapa. Mtoto huyu hakulaaniwa. Mama yake hakuvunja mwiko wowote, wala si kwa sababu alibeba mzigo mzito akiwa mjamzito. Siku 28 ni kabla mama wengi hawajajua hata kwamba wana mimba. Baba anayefukuza mama kwa sababu ya mtoto kama huyu anamwadhibu mtu asiye na kosa, na mtoto anayefichwa chumbani ananyimwa matibabu ambayo yapo.

Matibabu ya kwanza

Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, alazwe kwa tumbo au kwa ubavu, na apelekwe hospitali kubwa mara moja. Usipake dawa za kienyeji, majivu wala mafuta. Mgongo unatakiwa ufungwe kwa upasuaji katika siku chache za kwanza, kabla vijidudu havijaingia hadi kwenye ubongo.

Sisi wa huku Mlima Kenya huanzia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, ambayo wengi bado tunaiita PGH, au hospitali ya rufaa ya kaunti yako. Kutoka hapo mtoto huweza kupewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au hospitali ya AIC Kijabe, ambayo kwa miaka mingi imewapasua watoto wengi wenye mgongo wazi na kichwa maji. Ni safari ndefu, lakini njia hiyo wazazi wengi wameipita kabla yako.

Baada ya mgongo kufungwa, watoto wengi huhitaji pia matibabu ya maji ya kichwani. Njia moja ni kuwekewa shanti, yaani mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani, nyuma ya sikio, hadi tumboni, ili maji yaliyozidi yamwagike huko. Njia nyingine haina mrija. Daktari huingiza kifaa chenye kamera kichwani na kuyafungulia maji njia mpya. Njia hii iliendelezwa sana na majirani zetu. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, daktari mpasuaji Benjamin Warf aliiunganisha na kuchoma tishu zinazotengeneza maji, na mwaka 2005 alichapisha matokeo yake. Leo njia hiyo inatumika katika nchi nyingi duniani, Marekani ikiwemo.

Basi wazazi wengi wakifika hapo huona kazi imekwisha. Mgongo umefungwa, mrija umewekwa, mtoto amerudi nyumbani. Lakini Chiari haikuondolewa. Bado iko pale shingoni. Kwa watoto wengi hukaa kimya bila kuleta shida kubwa. Kwa wengine huamka, hasa katika miezi 3 ya kwanza ya maisha. Miongoni mwa watoto wenye mgongo wazi walio chini ya miaka 2, Chiari ndiyo inayoongoza kwa kusababisha vifo. Ndiyo maana hatuwezi kuinyamazia.

Dalili kwa mtoto mchanga

Chukua kalamu uandike, au mwambie mtoto mkubwa akuandikie.

Moja, mtoto hupaliwa mara kwa mara akinyonya, au maziwa humtoka puani.
Mbili, kilio chake kimekuwa dhaifu au cha kukwaruza, tofauti na zamani.
Tatu, anatoa sauti kali anapovuta pumzi ndani, hata akiwa hana mafua.
Nne, anaacha kupumua kwa muda, au midomo inageuka rangi kuwa ya buluu.
Tano, anakunja shingo na kichwa kwa nyuma kama upinde.
Sita, mikono iliyokuwa na nguvu imelegea.
Saba, haongezi uzito kwa sababu kunyonya kunamchosha.

Pamoja na hizo, angalia dalili za maji kujaa kichwani au shanti kuziba: kutapika, kulala kupita kiasi, utosi kuvimba na kuwa mgumu hata akiwa ameketishwa, kichwa kupanuka haraka, na macho kuelekea chini muda wote hata weupe ukaonekana juu ya mboni. Mwenye shanti akipata homa, au ngozi juu ya mrija ikiwa nyekundu, huenda kuna vijidudu.

Sasa tuseme kuna mama huko Mweiga. Mtoto wake ana miezi 2, mgongo ulishafungwa. Wiki hii amekuwa akipaliwa, na kilio kimekuwa kama cha paka mdogo. Jirani mwenye nia njema anamwambia, "Huyo ana kimeo, kuna mzee anayekata." Mama anampeleka. Kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo kinakatwa kwa kifaa kisichochemshwa. Mtoto anavuja damu, anaweza kupata pepopunda, na kumeza kunakuwa kugumu zaidi. Na huko shingoni ubongo bado umebanwa. Siku 3 zimepotea, na hizo ndizo siku alizohitaji kuwa mbele ya daktari. Kimeo hakina hatia. Kisikatwe kwa mtoto yeyote, sembuse huyu.

Utasema nini ukifika hospitali?

Usiseme tu "mtoto anakohoa," kwa maana utawekwa kwenye foleni ya mafua. Sema hivi: "Mtoto wangu alizaliwa na mgongo wazi. Ana tatizo la Chiari. Sasa anapaliwa na kupumua kwa sauti. Naomba aangaliwe kama maji yamejaa kichwani au shanti imeziba."

Maneno hayo ya mwisho yana maana kubwa. Chiari inapoamka, jambo la kwanza la kuchunguzwa ni maji ya kichwani. Maji yakizidi, ndiyo yanayousukuma ubongo shingoni. Mara nyingi shanti ikitengenezwa, au maji yakifunguliwa njia, mtoto hupumua na kumeza vizuri tena bila kupasuliwa shingo. Ni pale tu maji yakiwa sawa na mtoto bado anaumia ndipo daktari wa upasuaji wa ubongo hufikiria kutoa vipande vya mfupa pale nyuma ya shingo ili kuongeza nafasi.

Kama daktari au muuguzi hakujui, mwambie pia mambo mawili. Kwanza, mtoto huyu asitolewe maji ya mgongo kwa sindano kabla hali ya kichwa haijajulikana, kwa maana ubongo unaweza kuvutwa chini zaidi. Pili, kabla ya nusu kaputi yoyote, hata ya jambo dogo, anayelaza wagonjwa aelezwe kuhusu shingo hiyo. Usiogope kusema. Wewe ndiwe unayemjua mtoto wako tangu siku ya kwanza.

Weka karatasi zote za hospitali, picha za kichwa na kijitabu cha mama na mtoto katika mfuko mmoja usiopitisha maji. Mfuko huo ukae pahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua.

Kuishi naye nyumbani

Mnyonyeshe akiwa ameinuliwa, si akiwa amelala chali. Mpe kidogo kidogo, umpumzishe, umcheulishe. Akianza kukohoa, simama. Usimlazimishe uji kwa kumziba pua, wala usimwachie chupa mdomoni akiwa peke yake.

Kila umuinuapo, shika kichwa na shingo. Usimbebe mgongoni huku kichwa kikining'inia kando. Na tafadhali, shingo yake isinyooshwe wala kukandwa kwa nguvu na mtu yeyote anayesema anarudisha mifupa.

Mzunguko wa kichwa upimwe kila anapokwenda kliniki na uandikwe. Kama muuguzi amesahau, mkumbushe kwa upole. Namba zinazopanda haraka zitakuonya kabla macho yako hayajaona.

Mtoto akiacha kupumua, mtekenye nyayo, futa maziwa mdomoni, mlaze kichwa kikiwa sawa bila kukikunja. Asiporudi haraka, mpulizie pumzi kama umefundishwa, huku mwingine akitafuta gari. Mwombe muuguzi akufundishe kabla hujaondoka wodini, na amfundishe pia shosho au yule anayebaki na mtoto.

Kuhusu gharama, jiandikishe na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na umwandikishe mtoto chini yako. Tafuta pia kitambulisho cha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukuelekeza. Uliza vilevile kuhusu chama cha wazazi wa watoto wenye mgongo wazi na kichwa maji hapa Kenya. Mama aliyekwisha pita njia hiyo atakufundisha mengi.

Mtoto anapokua

Chiari yaweza kuamka hata mtoto akiwa shuleni. Atalalamika kichwa cha nyuma au shingo, hasa akikohoa, akicheka au akijikaza chooni. Mikono yaweza kufa ganzi, mwandiko kuharibika, mgongo kuanza kupinda, au kukoroma usiku kukazidi. Angalia pia vidole vyake. Wakati mwingine maji hujikusanya ndani ya uti wa mgongo, na mtoto akapoteza hisia ya moto mikononi. Ukimwona ameshika sufuria ya moto bila kushtuka, au ana malengelenge asiyojua yalitoka wapi, usimwite mzembe. Mpeleke hospitali.

Na mpeleke shule. Watoto wengi wenye mgongo wazi wana akili ya kusoma, hata wakitumia magongo au kiti cha magurudumu. Ofisi za elimu zina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, na wengine wa kwetu husoma shule ya Joytown huko Thika. Mwalimu aambiwe mapema: asipigwe kichwani, asibebe mizigo kwa kichwa, asiruhusiwe kubiringika kwa shingo katika michezo.

Tena kuna Chiari ya kwanza, ambayo haitokani na mgongo wazi. Mtu anaweza kuishi nayo hadi utu uzima bila kujua. Wewe mama unayebeba kuni au majani ya ng'ombe kwa kamba ya kipaji cha uso, kama kila ukikohoa, ukipiga chafya au ukijikaza kuinua mzigo unapata maumivu makali nyuma ya kichwa, na mikono inakufa ganzi, usiendelee kumeza tembe za maumivu za dukani mwaka baada ya mwaka. Kamba haikukuletea Chiari, lakini kujikaza huamsha maumivu. Mweleze daktari hivyo hivyo, kwamba kichwa huuma ukikohoa. Picha ya MRI ndiyo inayoonyesha. Wengi huhitaji kufuatiliwa tu, wachache hupasuliwa.

Kuzuia

Hatuwezi kuzuia kila mgongo wazi, lakini tunaweza kuzuia mwingi. Mwanamke yeyote anayeweza kupata mimba anahitaji mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, akianza kabla ya mimba na kuendelea miezi 3 ya mwanzo. Ukingoja hadi kliniki ya mwezi wa tano, mgongo wa mtoto ulikwisha fungwa au ulikwisha kosa kufungwa zamani. Hata hivyo tembe za kliniki zenye madini ya chuma na foliki meza, kwa maana zinakulinda wewe na damu yako.

Mama aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kipimo kikubwa zaidi, kwa kawaida miligramu 5 kila siku, kutoka kwa daktari, tena kabla ya mimba nyingine. Na anayemeza dawa za kifafa asiziache ghafla, bali amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu baadhi ya dawa hizo, kama valproate, huongeza hatari.

Kula maharagwe, njahi, terere, managu na sukuma wiki, bila kuzichemsha hadi zikapoteza rangi. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na ngano wa paketi uongezwe virutubishi, foliki ikiwemo. Unga unaosagisha kwenye kisiagi cha mtaani hauna nyongeza hiyo. Sikukatazi kusagisha mahindi yako, lakini jua kwamba wewe ndiwe unayehitaji tembe zaidi.

Kwa kumalizia, tukumbushane. Mgongo wazi huandamana na Chiari. Kufungwa kwa mgongo si mwisho wa safari. Kupaliwa, kilio dhaifu, pumzi ya kukwaruza na kubadilika rangi ni dalili za hatari. Kimeo kisikatwe. Hospitali ni leo, si kesho, na swali la kwanza ni maji ya kichwani. Na foliki huanza kabla ya mimba.

Kama kuna mama jirani yako aliye na mtoto wa namna hii na hakutusikia leo, pita kwake jioni umpe habari hizi. Mwambie kwamba yuko kliniki ya kumwendea, na kwamba hakuna atakayemcheka. Hadi tutakapokutana tena, mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii nawatakia afya njema, ninyi na watoto wenu. Kwaherini.